Ukimwambia daktari umeshuka mita 62, anakuuliza "ulifuata nini huko?" Madaiva wa kina kirefu na madaktari, tuongee

#1 Chumvi_Kaskazini

Wakuu salaam. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite.

Mimi ni mwalimu wa mbizi kaskazini ya Unguja, mwaka wa kumi na moja sasa. Miaka minne ya karibuni nimeingia kwenye mbizi za kiufundi, zile za kupita mita 40 ambazo mtalii wa kawaida haruhusiwi. Tunashuka na mitungi minne hadi mitano. Gesi tunachanganya wenyewe na heliamu tunatia humo, kwa sababu hewa ya kawaida kule chini inalevya kama gongo. Kupanda sasa ndiyo kazi. Ukikaa dakika 20 chini, saa nzima na zaidi utaimaliza njiani, unasimama, unapanda kidogo, unasimama tena, ili gesi iliyojaa mwilini itoke taratibu kwa njia ya mapafu. Ukiharakisha inatoka yenyewe ndani ya damu na nyama, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Hayo ndiyo mapovu tunayoyaogopa.

Miaka miwili nyuma nilishuka mita 62. Vituo vyote nilifuata, kompyuta zangu zote mbili za mbizi, zile za kuvaa mkononi zinazohesabu kina na muda, hazikulalamika. Nikatoka majini saa 5 asubuhi. Saa 8 mchana niko njiani kwenda mjini, bega likaanza kuuma. Nikajiambia ni mitungi nimebeba vibaya. (Hapo kosa ni langu, silifichi. Wanafunzi wangu nawafundisha kila wiki kwamba maumivu yoyote baada ya mbizi ni mapovu mpaka ithibitike vinginevyo.) Kufika magharibi tumbo limetoka madoa ya zambarau kama marumaru, na miguu naisikia kama nimevaa soksi za sufi. Jamaa akanikimbiza hospitali moja, jina silitaji.

Mapokezi naulizwa kazi. Nikasema mzamiaji. Karani akaacha kalamu: "Ulizamia nchi gani?" Nikaanza kueleza kwamba sijazamia meli, nimezamia bahari. Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka ingawa miguu siisikii.

Kwa daktari hakukuwa na kicheko. Nikamweleza kina, dakika, gesi. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mlevi akihadithia ugomvi wa baa. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Sasa ulifuata nini huko?"

Nikaomba oksijeni. Akanibana kidoleni na kile kipimo, kikasoma 98. "Oksijeni unayo tele, mtungi ni wa wenye shida." Nikachomwa sindano ya maumivu, nikaandikiwa misuli, nikaambiwa nikapumzike.

Mwenzangu ndiye aliyenusuru, akapiga simu DAN, wale wa mtandao wa dharura za wapiga mbizi ulioanzia Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 1980. Saa 5 usiku nikaingia chemba, yaani chumba cha tiba chenye mgandamizo, saa kumi na mbili tangu nitoke majini. Lile jedwali la tiba namba 6 la jeshi la majini la Marekani: unarudishwa kwenye mgandamizo wa mita 18 ukiwa mkavu, unavuta oksijeni tupu kwa awamu, saa tano kasoro robo. Nikarudia mara mbili. Nimepona, ila unyayo wa kushoto nikikanyaga mchanga wa jua kali nachelewa kujua.

Swali langu kwenu, hasa madaktari mliomo humu: ile dharau inatoka wapi?

#2 Bwana_Matanuzi

Mkuu pole. Lakini hata mimi nakuuliza, mita 62 ulifuata nini? Samaki wako juu, jua liko juu, bia ziko juu.

#3 Chumvi_Kaskazini

Hahaa. Nilifuata ukuta wa mwamba ambao macho ya watu kumi hayajauona. Jibu hilo halimtoshi mtu asiyeoga bahari, najua.

Ila angalia, wodi za mifupa zimejaa vijana wa bodaboda. Umewahi kusikia daktari anamuuliza wa bodaboda ulifuata nini barabarani?

#4 Nesi_wa_zamu

Wanaulizwa sana, tena kwa matusi. Usitutetee bure 😂

#5 Dr_Mkwakwani

Nimesoma nikaona nijibu. Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa, nafanya kazi Tanga. Bahari naiona dirishani.

Ukweli mtupu: chuoni ugonjwa wako ulipita kama ukurasa mmoja, kati ya sumu ya nyoka na kuungua kwa umeme. Sikumbuki kama uliwahi kutoka kwenye mtihani. Tangu nianze kazi, mgonjwa wa mbizi aliyejitambulisha hivyo sijampata hata mmoja. Sasa usiku una watoto wanne wenye malaria kali na mama mmoja anavuja damu, anaingia kijana mwenye misuli, anatembea mwenyewe, anakuambia "heliamu asilimia 45". Wewe daktari hujui hata pa kuanzia kuandika, na kusema "sijui" mbele ya mgonjwa hatujafundishwa. Kumkaripia ni rahisi. Nadhani kile ulichokiona ni dharau kilikuwa aibu iliyovaa koti jeupe.

Kuhusu ile 98, nakiri ningefanya hivyohivyo. Sisi oksijeni tunampa aliyepungukiwa. Hebu eleza, kwa nini unaitaka wakati damu imeshajaa?

#6 Chumvi_Kaskazini

Daktari ahsante, jibu la kiungwana.

Oksijeni kwetu kazi yake ni kufukuza naitrojeni na heliamu. Povu lililokwama kwenye uti wa mgongo lina gesi hizo ndani. Ukivuta oksijeni tupu, mapafu hayapokei tena gesi hizo, damu inapita pale kwenye povu ikiwa haina, basi gesi inatoka ndani ya povu kuingia kwenye damu, na povu linanywea. Halafu kuna ile nyama inayokosa damu nyuma ya povu, kipimo cha kidoleni hakiioni. Kwa hiyo hata kikisoma 100 unatoa, kwa barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika, huku unatafuta chemba.

#7 Dr_Mkwakwani

Imeeleweka. Nimejifunza kitu nikiwa chooni, samahani kwa kusema.

Lakini na ninyi nawadai. Mnadanganya. Rafiki yangu alimpokea mwongoza watalii aliyesema ameteguka akinyanyua injini ya boti. Mbizi hakuitaja kabisa. Asubuhi yake kibofu kimegoma, miguu imekufa. Alipobanwa ndipo akasema alishuka mara nne siku ile. Kisa cha kuficha? Bosi akisikia "mapovu" anamtoa kwenye ratiba. Sasa daktari afanyeje, apige ramli?

#8 Chumvi_Kaskazini

Hapo umenishika pabaya. Ile fomu ya afya ya kabla ya kozi, ina maswali ya pumu, moyo, kifafa, masikio. Nimeona watu wazima wanajaza "hapana" kuanzia juu hadi chini kwa mstari mmoja kabla hata hawajasoma. Maana wanajua wakiandika "ndiyo" watatumwa kwa daktari, na daktari asiyejua mbizi ana jibu moja tu: acha. Basi wanamkwepa. Ndiyo maana nalalamika. Ukimjibu mtu "acha" bila kumsikiliza, atazamia vilevile, sema wewe hutajua.

#9 Mpwa_wa_Leicester

Naomba kuongezea, nipo Uingereza, nesi, na ni daiva. Msinicheke, maji yetu huku ni mashimo ya machimbo ya mawe yaliyojaa maji, baridi mpaka meno yanauma. Mwaka jana nilifika Scapa Flow kule Scotland, kwenye manowari za Wajerumani walizozizamisha wenyewe Juni 1919. Nyingine ziko mita 40 na kitu. Nililia ndani ya barakoa.

Msidhani huku kila daktari anaelewa. Nilipata madoa kama yako, ya marumaru, mara mbili, na mbizi zote mbili zilikuwa za adabu. Nikapelekwa kwa bingwa wa moyo. Akapima akakuta tundu. Ni lile tundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo ambalo kila mtoto tumboni analo. Kwa wengi linajifunga baada ya kuzaliwa, ila mtu mzima mmoja katika kila wanne halikufunga vizuri. Maisha ya kawaida halina neno. Kwa daiva ndiyo kasheshe, maana mapovu madogo ambayo yangechujwa na mapafu yanapita njia ya mkato upande wa kushoto, huyo hadi kwenye ngozi, ubongo, sikio la ndani.

Yule bingwa: "Acha mbizi." Dakika nne nimetoka mlangoni. Nilikaa kwenye gari nikiwaza, kama ningemwambia nina tundu hilo na ninakimbia marathoni angenipa nusu saa.

Nikatafuta wa pili, daktari wa mbizi na mwenyewe anazama. Wa huyu swali la kwanza: "Kompyuta yako umekuja nayo?" Akafungua mbizi zangu moja moja. Halafu akaniwekea njia tatu mezani. Niache kabisa. Au niendelee lakini nipunguze gesi ninayobeba: kina kifupi, mbizi moja kwa siku, nitumie mchanganyiko wenye oksijeni zaidi, nisinyanyue mitungi wala kupanda ngazi na mzigo nikitoka majini, kwani kukaza misuli kunasukuma mapovu kupitia tundu. Au lizibwe kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja, na kifaa nacho kina hatari zake, akazitaja. Njia hizo hajazitunga, zimo kwenye tamko la pamoja la madaktari wa mbizi wa Uingereza na wenzao wa Australia na Pasifiki ya Kusini, la 2015. Bingwa wangu wa kwanza hakuwahi kulisikia, na si kosa kubwa, kosa ni kutouliza.

Nimechagua ya pili. Na nikasema ukweli wote kwenye fomu, mara ya kwanza katika maisha yangu.

#10 Bwana_Matanuzi

Tundu kwenye moyo na bado unazama. Wanawake wa Kitanga hawa 🙌

#11 Mpwa_wa_Leicester

Mimi wa Kilwa.

#12 Sahibu_Likoni

Nami wa Mombasa nitie langu. Mwakumbuka ile gari iliyotumbukia kutoka ferini Likoni, Septemba 29, 2019, mama na mtoto wake? Waliopolewa Oktoba 11. Siku zote hizo watu wamejaa ufuoni wawatukana wapiga mbizi wa jeshi la majini: waoga, hawajui kazi, mbona siku tatu, mbona siku tano. Gari ilikuwa mita 58! Kina ni kama hicho chako Chumvi, tena ndani ya mkondo wa meli, maji ya kupwa na kujaa yaenda kasi, chini giza totoro.

Miye nilikuwa mmoja wa waliotukana, sikujua. Kwa hivyo usiwalaumu madaktari peke yao. Akishuka kwa raha zake ni mwendawazimu, akishuka kutuopolea maiti na akachelewa ni mwoga.

#13 Mzee_Maktaba

Vijana mnanifurahisha, ngoja niwape ya kale.

Mwaka 1870 wanajenga daraja St. Louis, Marekani. Wachimbaji wanafanya kazi chini ya mto ndani ya kasha la chuma lililojazwa hewa ya mgandamizo, wakitoka wanajikunja kwa maumivu, wengine wanapooza, wengine wanakufa. Daktari wao, Alphonse Jaminet, hakubaki juu kubishana na vibarua. Akashuka mwenyewe hadi chini, akatolewa kwa dakika chache tu, akapooza yeye. Akapona, akaandika alivyojisikia. Chanzo hakukipata sawasawa.

Aliyeeleza mapovu ya naitrojeni ni Mfaransa Paul Bert, 1878. Kisha 1908 Haldane wa Uingereza na wenzake wakatoa jedwali la kwanza la kupanda kwa vituo, baada ya kuwatia mbuzi kwenye chemba na kuwaangalia wanavyochechemea. Naam, mbuzi. Kila kompyuta mliyovaa mkononi ina damu ya mbuzi wale.

Na wa leo: pango la Tham Luang kule Thailand, 2018, watoto 12 na kocha wao. Aliyewadunga ketamini ili wapitishwe majini wakiwa hawana fahamu ni Richard Harris, daktari wa usingizi kutoka Australia. Walimwita yeye kwa sababu alikuwa pia mzamiaji wa mapango, mmoja wa hao mnaoulizwa mnafuata nini huko. Februari 2023 huyohuyo akashuka mita 230 kwenye chemchemi ya Pearse, New Zealand, akivuta gesi yenye haidrojeni. Haidrojeni, ile inayolipuka. Na cheti chake cha udaktari kiko ukutani.

#14 Dr_Mkwakwani

Mzee huyu Harris kama angekuja kwangu na bega linauma ningempa diklofenaki, dawa ya maumivu tu 🤦🏾

#15 Jongoo_Pemba

Nimekuwa nikisoma tangu juzi, sijui kama naruhusiwa kuandika humu maana ninyi wenye heliamu.

Sisi tunazamia majongoo ya baharini. Mtungi tunakodi, tunajaziwa hewa ileile ya kawaida. Kompyuta hatuna. Saa ya mkono alikuwa nayo nahodha, ikaingia maji. Zamani majongoo ulikuwa ukiyaokota kwa miguu maji yakitoka, sasa yamekwisha, unayafuata mita 30, 40, wengine wanapita. Kwa siku mtu anashuka mara tano, sita. Kupanda tunapanda mtungi ukiisha.

Mdogo wangu miaka 24. Alitoka majini akasema kiuno kimekaza, akalala kwenye dau. Kufika diko hasimami. Wazee wakasema kakanyaga wenyewe, jini wa mwamba. Siku tatu anafukizwa ubani na kusomewa. Tulipompeleka hospitali kaandikiwa kiharusi. Miaka 24, kiharusi! Wala hakuulizwa anafanya kazi gani. Na sisi hatukusema, maana tulidhani haihusiani.

Wewe ndugu yangu Chumvi umeulizwa ulifuata nini huko. Yeye lau kaulizwa hivyo angejibu, na pengine daktari angejua. Yupo nyumbani, anatengeneza nyavu kwa mikono.

#16 Chumvi_Kaskazini

Kaka, nimeandika nikafuta mara tatu. Nimeishi miaka kumi na moja nikipishana na madau yenu asubuhi na sijawahi kusimamisha boti kuuliza. Pole sana kwako na kwa mdogo wako.

#17 Dr_Mkwakwani

Jongoo, nakuuliza kama daktari, usiogope: akipata maumivu mtu kwenu huwa mnafanya nini kabla ya wazee na ubani?

#18 Jongoo_Pemba

Tunamrudisha chini. Anachukua mtungi mwingine, anashuka kidogo, maumivu yanaondoka, anapanda polepole. Mara nyingine yanarudi mabaya zaidi.

#19 Dr_Mkwakwani

Astaghfirullah. MSIFANYE HIVYO.

#20 Mpwa_wa_Leicester

Daktari tulia kidogo, usije nawe ukamfukuza. Hilo la kurudi chini lina historia. Madaktari walilikataza kwa miaka mingi, madaiva wa kiufundi wakawa wanalifanya kimya kimya. Mwaka 2018 Doolette na Mitchell (Mitchell ni daktari wa usingizi New Zealand, naye anazama) wakaandika wazi: pale ambapo chemba iko mbali mno, lina nafasi yake, ila kwa oksijeni tupu, karibu mita 9 tu, watu waliofunzwa, mwenzio pembeni, na uso umefungwa barakoa nzima au domo la regileta (kifaa cha kuvutia gesi mdomoni) limefungwa lisitoke, kwa sababu oksijeni kwenye mgandamizo inaweza kumtia mtu degedege humohumo majini.

Jongoo, mnachofanya ninyi ni kurudi na HEWA. Mnaongeza naitrojeni juu ya naitrojeni. Ndiyo maana yanarudi mabaya. Hilo daktari yuko sahihi, liacheni.

#21 Jongoo_Pemba

Hapo nimeelewa. Hajawahi mtu kutuambia kwa nini. Wanatuambia haramu, basi.

Tufanye nini basi sisi tusio na chemba?

#22 Chumvi_Kaskazini

Chemba ipo Unguja, Matemwe, na Mombasa jeshi la majini wanayo Mtongwe. Piga kwanza uulize kama inafanya kazi siku hiyo, chemba ni mashine, huharibika. Kabla ya hapo: mtu alale chali, apewe oksijeni, anywe maji kama anaweza kumeza, asipande ndege ya kawaida. Na mwandikie kwenye karatasi: alishuka mara ngapi, kina gani hata kwa kukadiria kwa pima, alitoka saa ngapi, maumivu yameanza saa ngapi. Karatasi hiyo apewe daktari mkononi.

#23 Dr_Mkwakwani

Ongeza: amekojoa lini mara ya mwisho. Wengi hawasemi, na kibofu kinaweza kuonyesha uti wa mgongo umeguswa. Na daktari amtembeze, kisigino mbele ya kidole, macho yamefumbwa. Anayeyumba si misuli.

Chumvi, iandike hiyo ukurasa mmoja, Kiswahili, nitaipitia. Nitaibandika chumba cha dharura kwangu, na mganga mkuu akiuliza nitamwambia ulifuata nini huko.

#24 Jongoo_Pemba

Na miye nakala kumi. Za plastiki, karatasi dikoni haikai wiki.

#25 Chumvi_Kaskazini

Daktari nimekutumia rasimu, angalia hapo kwenye lita. Jongoo, Ijumaa nakuja na boti ya asubuhi, nina mtungi mmoja wa oksijeni wa akiba na barakoa mbili. Nitafikia kwako, nataka kumwona mdogo wako kama ataridhia.

#26 Jongoo_Pemba

Karibu. Anasema uje na ile kompyuta, ataka kuiona.

#27 Bwana_Matanuzi

Wakuu ukiacha utani, kwenye ile fomu ya kazi, sasa mtaandika nini? Mzamiaji polisi wanakuja.